Kisu cha Mama Nyangeta

Musoma, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Bwire,

Hatujambo. Goti la babu yako limepoa, na dada yako wa Bunda kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza uweke muziki gani kwenye makala yako ya redio kuhusu wajane.

Enzi zangu za utangazaji nilimrekodi Mama Nyangeta, mjane aliyekuwaga anauza samaki mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Chini ya sauti yake nikaweka zeze la huzuni, nikajiona fundi kweli! Kipindi kilipotoka, alinifuata ofisini.

"Mwanangu, mbona umenililia? Mimi nilikuwa nakueleza nilivyosomesha wanangu."

Niliona aibu. Nikarudi mwaloni, nikarekodi kisu chake kikipara magamba ya sato, na alivyokigonga ubaoni kila alipomaliza samaki mmoja. Kwenye marudio nikatoa zeze, nikaanza na kisu hicho.

Tulisikiliza wote palepale mwaloni. Kabla sauti yake haijatoka redioni, wenzake wakapiga kelele: "Mama Nyangeta huyo!" Naye akaacha kupara, akacheka.

Kwa hiyo muziki siujui, Bwire. Hebu niambie kwanza: wajane wako wanashika nini mikononi?

Bibi yako anayekusikiliza,
Nyamisi