Namba ya Maman Imerudi

Kadutu, Bukavu

Kwa maman wangu mupenzi Domitille, kule Bunyakiri,

Nakusalimia na moyo wote. Magoti iko namna gani na hii mvua? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Bwana yangu Hugues anasema sombe yako, yale majani ya muhogo, bado anaiota. Jirani yetu Maman Christine akusomee barua hii polepole, asiruke kitu.

Unajua vile tulihangaika, maman. Kompani ya telefone ilikata namba yako eti haununui inite, ile salio ya kupigia. Sasa wewe wa kubip tu, kuliza telefone na kukata, inite ya nini? Kaka yangu Destin akibip mara mbili ni kusema iko muzima. Nawe unabip mara mbili, mumemaliza kuongea. Na kule Kolwezi kwenye anakaa, tangu waliiba telefone yake, namba yake ya zamani haiitike tena, na yenye iko mu kichwa chake ni yako peke yake. Ndiyo maana tangu Pasaka hatujui kama anapumua.

Basi sikia. Leta, ni kusema serikali, ilikataza makompani kukata namba ya mutu kwa sababu haweki inite. Makompani yakakasirika, yakashitaki leta, yakisema namba ni zao. Wiki iliyopita redio ilitangaza kwamba tribinali kubwa ya Kinshasa imekubali leta iko na haki ya kuyachunga, na kila namba yenye haijapewa mutu mwingine irudishiwe mwenyewe. Ee maman, nilipiga vigelegele mpaka chakula ikaungua!

Nikakimbia ku kompani na carte d'électeur, ile kadi yako ya kupigia kura yenye uliniachia. Bibi wa guichet, pale ku dirisha, akaangalia foto, akauliza kwa nini umenuna hivi. Nikamujibu umenuna kwa ajili yao. Akacheka, akanipa kadi mupya ya namba yako, nikaitia mu telefone yangu.

Jumapili kisha misa telefone ikalia mara mbili, ikakatika, namba nisiyoijua. Nikapiga palepale.

Ni Destin, maman! Iko muzima kabisa! Lakini kusikia sauti yangu akaanza kulia, akaniuliza nani alinipa namba ya marehemu. Kumbe kila akibip, ile sauti ya mashine ilimuambia namba hii haiko tena, naye akaelewa ni wewe hauko tena. Alinyoa kichwa, akakaa matanga na rafiki zake, akaombesha misa ya roho yako. Akaendelea kubip kila Jumapili, vile wengine wanapeleka maua ku kaburi.

Nimemuapia uko hai. Hajaamini bado. Anasema wewe peke yako unajua kumukaripia, na ataamini siku atasikia unamukaripia.

Salimia Maman Christine, na umushukuru Tonton Marcellin mwenye kukuletea bahasha hii. Kadi ya namba yako iko ndani, namba mupya ya Destin nimeiandika ku bahasha, na inite nimeweka ya kutosha. Mupigie mutoto wako leo, umugombeze sawasawa mpaka inite iishe.

Binti yako mwenye kulia na kucheka,
Consolate