Kunguru wa Baba

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Daraja la Salenda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yamekupwa, matope yananuka vizuri. Kitwitwi wameanza kurudi kutoka Ulaya. Nilifika sitini na mbili, wakaruka wote, nikaanza upya na kuambulia arobaini na kitu. Sululu watatu. Mdiria mmoja kwenye mikoko. Yangeyange wamejaa, sikuwahesabu sawasawa, nilichoka.

Kunguru: sifuri.

Sifuri! Miaka kumi na moja nahesabu ndege pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, kila Jumamosi, na kwenye mstari wa kunguru sijawahi kuandika sifuri. Mwezi uliopita walipita mia nne. Heriel alisimama kwenye matope akapiga makofi peke yake kama amefunga goli.

Heriel ni Mchaga wa Machame, anauza spea za magari Gerezani, na ndiye mwenyekiti wetu. Kikundi kina watu saba. Mimi katibu. Sumu ni mpango wetu, na kibali tunacho: nyama yenye dawa, siku tano, majalalani na juu ya mapaa ya waliokubali. Hawa kunguru weusi waliokuja kutoka Bara Hindi wanakula mayai na makinda ya kila ndege, wamemaliza hata kunguru wetu wa zamani wenye shati jeupe. Lazima wapungue. Tarehe nilipanga mimi: 1 hadi 5 Septemba. Paa la jengo letu hapa Kisutu nililitoa mimi.

Jumatano nilifagia kumi na tisa juu kule. Mmoja alifia kwenye kiti cha Baba cha plastiki, kichwa kimening'inia. Niliwatia kwenye mfuko mweusi kabla Mama hajaamka. Mama hajui kitu. Daftari hili hawezi kulisoma pia. Kiswahili anakiongea vizuri tu, miaka hamsini nyuma ya kaunta Kariakoo akiuza vifungo na zipu, lakini macho yake yanajua herufi za Kigujarati peke yake. Ndiyo maana naandika hivi.

Jumapili, 7 Septemba

Mama kaniambia asubuhi ninunue mchele mzuri na maziwa mengi, Jumamosi ni siku ya Baba.

Nikasema, Mama, shradh si mwisho wa mwezi? Mwaka jana siku ya Baba ilikuwa tarehe ishirini na nne! Akaniangalia kama mjinga. Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya hekaluni, ile inayofuata mwezi. Inaanza leo. Kila mwaka inasogea, we mtoto hujui?

Najua. Najua tangu nina miaka mitano. Nilipanga sumu kwa kalenda ya dukani, ile ya kampuni ya uzi, yenye picha ya mbuga. Nikajisemea sumu itaisha mapema, kunguru watakaokuwa wamebaki watarudi, kila kitu kitakuwa shwari.

Shradh ni wiki mbili za marehemu. Kila mtu na siku yake, kwa siku ya mwezi aliyofia. Baba ni siku ya saba. Unapika alichokipenda, unakiweka paani, unamwita kunguru. Akila kunguru, kala marehemu. Asipokula, basi marehemu hajapokea. Ana jambo moyoni.

Mimi Nirali, binti wa Ravindra, nimeua kunguru wiki moja kabla ya kunguru kualikwa. Nani mwingine Bongo nzima angefanya upuuzi huu? Mchaga hawezi. Mzaramo hawezi. Ni sisi tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefunga duka saa tisa, nikaenda soko la samaki la Feri. Nikasema vichwa vya samaki na matumbo yote yale, lazima hata mmoja awepo.

Hakuna. Membe juu ya maji, yangeyange wawili wanatembea kati ya ndoo. Mbaruku, anayekaanga pweza karibu na mnada, nikamwuliza kunguru wameenda wapi. Akasema anamshukuru Mungu, wiki nzima anakaanga bila kuibiwa, aliyewaondoa apewe pepo. Nikanunua pweza ambaye hata siruhusiwi kumwingiza nyumbani, kwetu hatuli nyama wala samaki. Nikampa paka.

Nyumba imekuwa kimya. Zamani ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kelele paa zima, unatukana, unajifunika mto. Sasa naamka na hakuna kitu. Na katika ukimya huo, leo asubuhi, mtu alikohoa koridoni. Kile kikohozi cha Baba cha kusafisha koo, mara mbili, kama zamani kabla ya kugonga mlango wangu na kusema maji yamekupwa, twende.

Mama alikuwa bado amelala.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Heriel. Kwanza kacheka. Eti ndugu zako wa Bara Hindi tumewapeleka kwao, sasa unawataka wa nini? Nikamweleza. Akasema pole, dada. Akasema kunguru wana akili, wakiona maiti za wenzao wanahama, hawakanyagi pale kwa wiki kadhaa. Labda Kigamboni wapo. Na wa Kigamboni hawawezi kuja kula kwetu Kisutu kwa sababu mimi nimeomba.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikwenda kuhesabu. Siku ya Baba.

Mama aliamka saa kumi akapika mwenyewe. Dudhpak, maziwa yamechemka na mchele mpaka yakawa mazito, iliki, lozi. Puri, vimkate vya kukaanga. Viazi vya manjano. Bamia, Baba alipenda bamia, Mungu anajua kwa nini. Ngazi thelathini na nane mpaka paani. Mama ana miaka themanini na moja na ana sukari. Alipumzika kila ngazi tano, hakukubali nimshike.

Tukaweka sahani juu ya ukuta wa ukingo. Akaita. Kaa, kaa, kaa, mlio wao wenyewe, kwa ile sauti nyembamba ya kuita watoto wakaoge. Mwaka jana walishuka kabla sahani haijatua, wakagombana, mmoja akaondoka na puri nzima, Mama akacheka siku nzima.

Leo mbingu tupu. Saa tatu. Saa nne. Sisimizi walikuja. Mwewe mmoja alipita juu sana, akaelekea Upanga. Nilikuwa naomba, mimi ambaye siombi, aje hata mmoja, aje hata mgonjwa. Jua likawa kali. Maziwa yakashika utando.

Mama akasema, "Alikuita siku ile hukuja. Sasa sisi tunamwita."

Miaka miwili na miezi mitatu hakuwahi kulisema. Juni 2023, Jumamosi. Nilikuwa kwenye matope chini ya daraja na darubini ya Baba mwenyewe. Simu niliizima sauti nisitishe ndege. Mama alipiga mara tisa. Nilipoitoa kwenye begi niliona zile tisa na nikajua. Baba aliniulizia, akaambiwa nakuja, akaulizia tena.

Nikaanza kupangusa sisimizi ukingoni mwa sahani.

Kwa desturi hatuli mpaka kunguru ale. Saa kumi jioni nikamsihi aweke kitu tumboni kwa ajili ya sukari. Akanywa maziwa nusu glasi. Akasema hatatia chakula kilichopikwa mdomoni mpaka Baba ale. Bado kuna siku ya mwezi mwandamo, Jumapili ya tarehe ishirini na moja, ya marehemu wote. Ikipita hiyo, mpaka mwakani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia maharaj, kuhani wa hekaluni. Mtu mwema, hana makuu. Akasema mahali pasipo na kunguru mnaweza kumpa ng'ombe, au mbwa, au mkaweka majini. Nikampa Mama simu aongee naye mwenyewe. Akamsikiliza kwa heshima zote, akakata, akasema ng'ombe wa Kisutu yuko wapi, na Baba yako hakuwa mbwa.

Maziwa. Ndizi moja. Basi.

Jumatano, 17 Septemba

Alitaka kuanguka bafuni. Sukari imeshuka. Daktari wa ghorofa ya pili alikuja akamgombeza, Mama akamwitikia kila kitu kisha hakufanya hata kimoja. Mikono yake imekuwa myepesi. Nimemshika kumlaza, nikaogopa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilianza kabisa: Mama, wale kunguru. Akafumba macho akasema, wanajua nyumba ambayo marehemu ana hasira nayo. Nikafunga mdomo. Woga tu. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, naogopa mama yangu mgonjwa.

Kikohozi tena, saa kumi na moja alfajiri. Mimi siamini mambo haya. Naandika tena: siamini. Lakini safari hii niliitikia. Nilisema, naam Baba. Halafu nikakaa kitandani mpaka kukapambazuka.

Ijumaa, 19 Septemba

Heriel kanipigia dukani nikiwa napima lastiki kwa mteja. Anaye mmoja! Ni yule wa mtegoni. Uani kwake Gerezani, nyuma ya spea, kuna kizimba kikubwa cha waya, na ndani tunaweka kunguru mmoja hai wa kuwavuta wenzake, wakisikia sauti yake wanaingia. Nilimsahau kabisa. Huyu hajala sumu kwa sababu analishwa na Heriel mwenyewe, ugali na dagaa, tangu Julai.

Hawezi kuruka. Heriel alimpunguza manyoya ya bawa moja asitoroke. Yataota tena, kasema, lakini si leo wala kesho.

Haidhuru. Simtaki aruke. Nataka ale.

Jumamosi, 20 Septemba

Hata leo sikuhesabu. Nimekwenda Gerezani. Heriel kamtia kwenye boksi la filta za mafuta, katoboa matundu kwa bisibisi. Kabla ya kunikabidhi akalishikilia boksi.

"Dada Nirali, usimdanganye mama mzee. Mwambie tu ukweli, atalia, yataisha."

Nikamwambia mama yako yuko Machame, ana afya, anakula ndizi nyama, usinifundishe. Yalinitoka vibaya. Kanipa boksi. Sikumwomba radhi. Kesho kutwa nitamrudishia kunguru wake na nitaomba.

Nimemficha paani, nyuma ya tangi la maji. Maji nimempa, chakula sijampa, ili kesho awe na njaa. Nilipoinua kifuniko alinitazama kwa jicho moja, kichwa upande. Hakupiga kelele. Kazoea watu.

Nampenda Mama. Naliandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia.

Jumapili, 21 Septemba

Saa tano kasoro kumi. Niko jikoni. Naandika haraka.

Alikuja! Yaani, nilimtoa. Mama alipanda, leo alikubali nimshike, nusu nilimbeba. Nikamketisha kwenye kiti cha Baba, nikaweka sahani chini karibu, nikasema mgongo unauma. Akaita. Kaa, kaa. Mimi nikapita nyuma ya tangi nikasukuma boksi kwa mguu.

Akatoka anatembea, taratibu, kama mwenye jengo. Akazunguka tangi. Mama akaacha kuita katikati ya neno.

Alikula. Dudhpak kwanza, akatikisa mdomo, akarudia. Akavuta puri akaikanyaga kwa mguu akairarua. Akala bamia! Mama alilia bila sauti, machozi yanaingia kwenye kona za mdomo. Halafu yeye mwenyewe akachukua puri kwenye bakuli letu, akachovya, akala. Moja, ya pili. Siku nane hajatafuna kitu cha moto. Na mimi nikala, na mimi nikalia, na nikasema moyoni iwe dhambi yangu, sawa, niko radhi.

Nilitegemea akishiba atarudi kivulini nyuma ya tangi, nimfunike kanga, iishe. Hakurudi. Alisogea mpaka miguuni pa Mama akasimama pale.

Mama akaanza kuongea naye. Bei ya chumba cha duka imepanda. Goti lake. Jirani wa chini kafariki, bila shaka mmeonana huko. Kisha akasema Nirali ananitunza, hajaniacha hata siku moja. Na ile Jumamosi, simu haikusikika, usimwekee moyoni mtoto. Nimemwekea mimi mpaka leo, sasa namwachia, na wewe mwachie.

Nilikuwa nimesimama pale. Nilisikia kila neno. Miaka miwili nimelitaka neno hilo, na lilikuja, na aliambiwa ndege wa Gerezani.

Akamwambia, haya umekula, nenda salama. Akapiga makofi madogo. Kunguru akaruka kidogo, akalalia upande, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Nikasema, Mama, ameshiba tu, mwache. Mama akainama akamchukua kwa mikono miwili. Hakumdonoa. Mama akalikunjua bawa la kulia polepole mpaka mwisho, akalitazama kwa muda mrefu dhidi ya jua. Manyoya yamekatwa mstari mmoja, umenyooka.

"Nirali. Nani amemkata baba yako?"

Nikasema naleta maji. Nikashuka ngazi zote thelathini na nane.

Kopo la maji limejaa, liko hapa mbele yangu. Mama yuko juu peke yake juani, kamshika kunguru mapajani. Ananiita kwa jina. Najibu nakuja, Mama, nakuja, na bado naandika