Nyota Sita Juu ya Bugwema

Mama Rehema wangu,

Hapo Manyamanyama mko salama? Bandeji imetoka. Daktari anasema jicho limepona, mimi nikasema nitaamini nikihesabu nyota. Hapa Nyasho mjini taa zimezidi, nyota hazionekani. Nikashuka ziwani, kumbe usiku usio na mwezi ndio wa dagaa: wavuvi wamewasha taa, ziwa zima linawaka kama mji! Shemeji yako Musa akanicheka, akanipakia kwenye pikipiki hadi shambani kwake Bugwema. Huko giza totoro. Nikatafuta Kilimia, kale kakundi ka nyota nilikuwaga nakaona kama moshi tu. Nimehesabu sita, moja moja. Nimelia, mke wangu.

Toa shuka juu ya cherehani yangu, sasa nitaona tena tundu la sindano. Gauni la kwanza ni lako.

Baba Rehema