Kinoo cha Mfalme wa Korea

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifunza nisianze maneno na mkubwa kabla ya kumwamkia, na huko uliko sidhani kama ukubwa umekupungua.

Nakuandikia kutoka Malindi, nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi. Mwaka huu redio zote zinaisema Korea. Wakimbiaji wetu wamekwenda Seoul na kurudi na dhahabu, na hata wauza samaki wanautaja mji huo kana kwamba uko ng'ambo ya mto Sabaki. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikaa juu ya fungu la mashuka machafu nimekasirika, kwa sababu katika Korea yote mimi namjua mfalme mmoja tu, naye ni mwizi.

Unamjua. Wewe ndiye uliyemleta kijijini kwetu Jilore.

Ulikuwa mpishi wa Bwana Pak, yule mhandisi Mkorea aliyekuja kuupima mto. Alikula wali wako wa nazi, akishiba akakusimulia hadithi za kwao kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nawe ukirudi nyumbani ulitusimulia sisi, tumezunguka sinia, ukimwiga anavyoinama kusalimia watu. Uliyempenda kuliko wote ni Talhae, mfalme wa kale wa nchi iliyoitwa Silla. Alifika kutoka baharini akiwa mtoto, ndani ya sanduku, hana kwao. Akakua, akapanda kilimani, akaiona nyumba nzuri ya mtu aitwaye Hogong, akaitamani. Akafukia makaa na kinoo kando ya ukuta, pasipo mtu kumwona, kisha akabisha hodi na kusema tokeni, hapa ni pa mababu zangu. Wakashtakiana. Alipotakiwa ushahidi akasema mababu zake walikuwa wahunzi, chimbeni mwone. Wakachimba, wakayaona makaa, wakakiona na kinoo cha kunolea visu. Hogong akatolewa kwake. Mfalme wa wakati ule akasema kijana huyu ana akili, akamwoza binti yake, na hatimaye Talhae naye akatawala.

Hapo ulikuwa ukijipiga paja. "Hodari yule, hodari kabisa." Mimi nilikuuliza siku ile Hogong alilala wapi, yeye na wanawe. Ukaniambia hadithi haisemi, mwanangu, kula.

Karisa alikuwa amekaa nasi. Jirani yako, rafiki yako, mtu aliyekuwa na kigoda chake kabisa nyumbani kwetu, na mgeni akikikalia tunamwinua. Alicheka kutushinda sote, akakuomba uirudie. Ukairudia. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba, na wewe chako ulikipakulia wali.

Siku ya baraza siisahau. Karisa alisimama mbele ya wazee akadai shamba letu ni la babu yake, mhunzi, aliyefua majembe pale na kuzikwa pale pale, na kwamba wewe umelima juu ya kaburi lake hadi likapotea. Shamba ulilolifyeka msituni kwa mikono yako, ukiwa kijana umetoka kwenu huna kitu. Ndiyo maana hapakuwa na kaburi hata moja la watu wetu. Ulizoea kututania kwamba la kwanza litakuwa lako, na tusije tukakulaza karibu na zizi la mbuzi.

Wakachimba pale alipoonyesha. Makaa. Kinoo. Nilikuangalia usoni. Kwanza ulitabasamu, nadhani ulifikiri anakutania na mwisho atacheka. Kisha ukasema, "Hii ni hadithi yangu. Hii ni hadithi ya mfalme wa Korea." Wazee walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. "Kazungu, mfalme wa Korea amefuata nini Jilore?" Kila ulipoieleza upya ulizidi kuonekana mtu aliyepungukiwa. Bwana Pak alikuwa amekwisha kurudi kwao, na wengine waliokuwa wameisikia hadithi ile ni sisi watoto wako na Karisa mwenyewe. Na mtu aliyelima juu ya kaburi la babu wa mwenziwe, nani atamsimamia?

Tukahamia Junju kwa wajomba. Walitupokea vizuri, sisemi uongo, lakini ukawa mtu wa kuomba hata mahali pa kufunga mbuzi. Hadithi ukaziacha. Hospitali walisema ni kifua. Mimi nasema ulikufa kwa kinoo. Ulipokaribia kwenda ulinishika mkono ukaniambia nimwache Karisa, eti ni njaa ya ardhi tu, si ubaya. Nikaitikia ndiyo, Baba, kwa sababu mgonjwa habishiwi. Tukakuzika kwenye udongo wa watu.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Baba mdogo Safari alikuja hapa hotelini akaniambia Karisa analiuza shamba. Mnunuzi ametoka bara, ana trekta, anataka kulilima lote mara moja. Safari alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimemfikiria yule Talhae miaka yote hii, Baba, kila nikisugua doa, na nilikuwa nimeona kitu ambacho wewe hukukiona kwa kumpenda mno. Walimuuliza ushahidi wa kuipata nyumba. Hakuna aliyemuuliza baada ya kuipata, huyo babu mhunzi unamfanyia nini? Unamkumbuka kwa lipi? Mwenye babu ana kazi, na mwenye babu wa uongo huisahau.

Nikaomba ruhusa kazini nikapanda Jilore. Wazee ni wale wale, wamezidi mvi tu. Nikawaambia, kwa adabu uliyonifunza, kwamba baba yangu alifukuzwa kwa kupitisha jembe juu ya babu wa Karisa. Leo Karisa mwenyewe anataka kumpitishia babu yake trekta. Kama babu yupo, shamba haliuzwi, maana hakuna Mgiriama anayeuza kaburi la mkubwa wake. Kama hayupo, basi baba yangu alifukuzwa kwa sababu gani?

Hakucheka mtu.

Wakaleta papai la kiapo, lile linalosomewa maneno, likiliwa na mwongo mdomo unamvimba. Wakamwambia Karisa ale, aape kwamba babu yake amelala pale. Alilishika kile kipande mpaka maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kisha akakirudisha kwenye sahani, akasema taratibu, "Kinoo nilikinunua sokoni Malindi."

Nilifurahi, Baba. Nilifurahi vibaya. Ningetaka ungekuwapo uone alivyoinama, si kama Bwana Pak, la, kama mtu aliyepigwa rungu la shingo. Ningetaka... Basi. Hukuwapo, na hilo pia ni juu yake.

Shamba limerudi. Mnunuzi amekwenda zake. Watoto wa Jilore wakimwona Karisa njiani wanamwita Mfalme, na wanamwamkia kwa kuinama. Niliwafunza mimi. Mwalimu wa kanisani amenikemea, akasema kisasi ni cha Mungu. Nimemjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, nami nilikuwa na siku tatu za ruhusa.

Sasa kilichobaki ni wewe. Jumamosi ijayo tunakusimamishia koma yako, kigogo cha mti mgumu, palepale kwenye shamba lako, ili roho yako iondoke Junju ije ikae kwako. Wazee walisema koma husimamishwa na mtoto wa kiume. Nikawaambia wanionyeshe huyo mtoto wa kiume. Safari akasema atanishikia mti, mimi nishindilie udongo.

Wameniomba neno moja zaidi. Karisa atakuja. Anataka suluhu, naye amezeeka, anakohoa kama ulivyokuwa ukikohoa. Desturi ni kwamba marehemu humiminiwa tembo la mnazi kwanza, kisha mimi na yeye tunywe kilichobaki katika kata moja ya kifuu, na ugomvi uishe. Nimewaambia sawa. Nimesema kwa sauti nzuri kabisa.

Basi kwaheri, Baba. Mimi nakuahidi Jumamosi nitaishika kata kwa mikono miwili, na nitakumiminia wewe kwanza, taratibu, bila kusimama, yeye akinitazama, mkono wake umenyooshwa kuipokea. Najua wewe ungempa. Kwa hiyo nakuomba mara hii moja usiwe mwema. Kunywa yote, usimbakishie hata tone.

Binti yako,
Kadzo