Nilishukuru Kabla ya Kupita

Kwako Shangazi Avelina,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu, limeegeshwa nyuma ya jengo tunamoishi hapa St. Paul, Minnesota, injini inawaka na joto linanipuliza miguuni, na sina mahali pengine pa kukaa na furaha yangu bila mtu kuniuliza nachekea nini. Majina yote humu nimebadilisha. Niite Lois.

Shangazi, mimi ni Mkenya, mama wa miaka arobaini na minane, nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea huko St. Louis Park, na kwa miaka sita nimekuwa mtu wa kubebwa kwenye magari ya wengine, nabebwa kwenda kazini, nabebwa kwenda dukani, nabebwa kwenda kanisani, na anayebebwa hachagui saa ya kuondoka, basi mwaka jana nikasema imetosha, nikanunua gari dogo la buluu kabla hata sijajua kuliendesha, na mzee mmoja Mtanzania tunayefanya naye kazi, Mzee Ambakisye, akajitolea kunifundisha kila Jumamosi kwenye uwanja wa duka lililofungwa, akiniwekea ndoo mbili nyekundu ili nijifunze kuingiza gari katikati yake.

Mtihani wa kwanza, Septemba, niligonga koni. Wa pili, Oktoba, nilisimama kwenye makutano nikingojea gari lililokuwa mbali kama mji wa Anoka lipite kwanza, na magari ya nyuma yangu yakapiga honi mpaka nikasahau kushoto ni wapi. Hayo mawili sikumwambia mtu isipokuwa Mzee Ambakisye na binti yangu Sydney. Wa tatu, Novemba, nikaona labda nakosa maombi, nikawaambia akina mama wa kanisa letu, nao wakaniombea kwelikweli, na Mama Kemunto, mwenyekiti wetu, ambaye ndiye alikuwa akinibeba miaka yote hiyo, alifunga Jumatano nzima huku akifanya zamu yake ya kazi. Ijumaa nikapandisha gurudumu juu ya ukingo wa barabara. Mtahini akaniambia kwa upole nirudi tena nikiwa tayari.

Sasa kanisani kwetu aliyeombewa hurudi mbele kutoa shukrani, na kiongozi wetu wa ibada, Mzee Eliezer, ana daftari ambalo halisahau mtu. Jumapili hiyo akafungua ukurasa, akasema, "Yuko wapi yule dada wa mtihani wa gari? Simama mama, utuambie Bwana ametenda nini." Nikasimama nikiwa na nia ya kusema Bwana amenilinda, basi, lakini nikamwona Mama Kemunto amekaa kwenye ncha ya kiti amenikodolea macho, midomo yake inakaribia kucheka kwa furaha, na mdomo wangu mimi ukasema, "Nimepita."

Shangazi, walipiga vigelegele mpaka watoto wa Sunday school wakatoka darasani kuangalia. Baada ya ibada nikakatiwa keki iliyochorwa gari, nikapewa brashi ya theluji yenye utepe mwekundu, blanketi la kuweka garini, na waya za kuamshia betri. Nililamba utamu wa keki ile nikitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo sikubebwa tena, maana si nina gari na leseni, kwa hiyo Desemba yote nimekwenda kwa basi, nashuka kituo kimoja kabla ya kanisa, natembea kwenye theluji, na naingia mlangoni nikiwa nimeshika funguo mkononi ili zionekane. Niamini, sikuendesha peke yangu hata hatua moja. Lakini wakaniweka kwenye zamu ya kuwaleta wazee kanisani, na Jumapili yangu ya kwanza nilipangiwa Mama Pascasie, bibi Mkongo wa miaka themanini, nikaita teksi kwa simu, nikamwambia bibi kwamba dereva ni mwenzangu wa kazini, kwamba leo yeye ndiye anaendesha gari langu. Dereva alikuwa Msomali. Sikujua kwamba amekulia Nairobi. Akaniangalia kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili safi, "Sawa, mwenzangu wa kazi." Mama Pascasie akamsifu njia nzima, "Huyu mutoto anaendesha muzuri," nami nikaangalia dirishani.

Hayo yote ningeyavumilia, lakini kuna Njeri, dada mdogo kanisani kwetu mwenye watoto wawili, anafanya kazi Anoka mahali ambapo basi halifiki, naye amefeli mara mbili. Wiki ya kwanza ya Januari alinishika mkono pale nje akaniambia, "Dada Lois, wewe ulienda once tu ukapita. Mimi nimejua sasa God hajakubali nikuwe dereva. Permit nimeirudisha kwa drawer. End of February naacha hiyo job." Nikamwambia tutaendelea kuomba. Ndivyo nilivyomjibu, Shangazi, tutaendelea kuomba.

Halafu Jumanne hii nikapita. Ni kweli, nimepita, kwenye kituo cha mtihani kule Plymouth, mtihani wa nne, asubuhi ya baridi ambayo pumzi ilikuwa inagandia kwenye skafu, mtahini amevaa glavu hata ndani ya gari, na nikaingia katikati ya nguzo mbili za mtihani mara moja tu kama ninayeingiza mkate kwenye oveni, naye akasema umepita, nikamwomba arudie, akarudia. Mzee Ambakisye alikuwa ananisubiri ndani ya kituo na flaski ya chai. Akasema, "Hongera sana, Mama Sydney. Leo wewe ndiye unirudishe nyumbani." Akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda, akalala usingizi mpaka mlangoni kwake. Sijawahi kuheshimiwa hivyo maishani mwangu.

Nataka kumpigia Mama Kemunto nimwambie, na siwezi, maana keki yangu ilishaliwa Novemba. Sydney ananiambia, "Mom, it's true now. Just leave it." Je, ninyamaze, maana sasa ni kweli, au nijianike mbele ya kanisa zima nionekane mwongo siku ileile ambayo hatimaye mimi ni mkweli?

Wako,
Dereva Tangu Jumanne


Dereva Tangu Jumanne,

Hongera. Naanza na neno hilo kwa sababu naona aliyekupa ni mmoja tu, naye akalala. Kupita mtihani wa gari ukiwa na miaka arobaini na minane, mwezi wa Januari, katika jimbo hili, ni jambo kubwa. Nimefurahi, na nimelisoma lile la mkate kwenye oveni mara mbili.

Sasa funga mkanda. Ulisimama mbele ya watu waliofunga kwa ajili yako ukawadanganya, ukala keki yao, ukatembea mwezi mzima na funguo za mapambo, ukamfanya dereva wa teksi kuwa ndugu yako wa kazini. Nimejibu barua za wanaume wenye nyumba mbili ambao hawakujipanga kwa bidii kama yako. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imeanza Novemba mpaka Januari, nyingine kwa basi, nyingine kwa teksi, na hapo ndipo ilipoishia, ndani ya gari nyuma ya jengo, ukicheka peke yako kama mwizi wa sukari.

Nakusifu kwa jambo moja, kwamba hukugusa usukani barabarani bila mtu wa kukusimamia. Ungemkalisha yule bibi Mkongo kwenye gari lako juu ya barafu ukiwa na kibali cha kujifunzia tu, ningekujibu kwa lugha nyingine, na si kwa gazeti.

Binti yako ni mwerevu, atakuwa wakili mzuri. Lakini mwambie shangazi yake amesema hivi: leseni yako inaanza Jumanne, hairudi nyuma mpaka Novemba. Ulichokisema Novemba kitabaki uongo hata ukija kuendesha lori.

Na tena, mdogo wangu, uliandika habari za Njeri halafu ukakimbia kurudi kwenye furaha yako. Rudi pale. Unaniuliza kuhusu aibu yako, na mimi naona mwanamke mwenye watoto wawili anayeacha kazi kwa sababu yako. Amefeli mara mbili. Wewe ulifeli mara tatu. Kwa hesabu hiyo yeye amekushinda, ila hajui, kwa sababu anajipima na Lois wa mara moja tu, na Lois huyo hajazaliwa. Ulikuwa na dawa mkononi ukampa maombi. Maombi ni mazuri, lakini siku ile alihitaji kusikia habari ya koni.

Kwa hiyo Njeri ndiye wa kwanza. Usimpigie simu. Nenda kwake, uendeshe mwenyewe, polepole, upige hodi, umwambie idadi. Usizunguke na mistari ya Biblia. Mwambie nimefeli mara tatu, nilisema uongo, nimepita Jumanne. Kisha mwambie akitoe kile kibali kwenye droo.

Siku hiyohiyo uende kwa Mama Kemunto. Huyo atakasirika, na ana haki, maana alishinda njaa. Mwache aseme mpaka amalize. Usimkatize kumweleza ulivyojisikia. Hizo habari za moyo wako atakuuliza mwenyewe akishapoa. Ukimaliza hapo, mwombe Mzee Eliezer dakika mbili Jumapili, na ziwe mbili kweli. Ulisimama mbele ya watu kusema uongo, basi simama palepale kuusahihisha. Watakaokucheka watakucheka. Nakuhakikishia, katika viti vile wamo madereva wengi ambao walikanyaga koni na wakaja kanisani wakisema mtihani uliahirishwa. Mimi mwenyewe nilikanyaga mbili kwa mpigo, na sijawahi kulitamka mpaka leo, kwa hiyo usinitangaze.

Halafu Jumamosi umwombe Mzee Ambakisye na ndoo zake amfundishe Njeri. Wewe kaa kiti cha nyuma na flaski ya chai, usitoe ushauri, maana leseni yako wino haujakauka. Kazi yako pale ni moja tu, kumkumbusha kwamba ndoo ikianguka huinuliwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ukishamaliza hayo yote, nipigie simu. Vigelegele vya Novemba uliviiba. Vya kwako halali bado ninavyo hapa, na nina kifua kizuri.

Shangazi Avelina


Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia Lois kwenye simu siku ileile, na barua yake nimeikalia wiki tatu mpaka aliponiruhusu kuichapa. Ameniomba niongeze yafuatayo.

Mama Kemunto hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimpigia kumuuliza Jumapili atampitia saa ngapi. Kanisani Lois alizitumia dakika zake mbili, kisha Mzee Eliezer akafungua daftari lake, akakata mstari wa Novemba, akaandika upya chini yake, akasema, "Sasa tupige makofi ya tarehe sahihi." Mama Pascasie aliuliza tu yule kijana wa teksi yuko wapi, mbona hajaja.

Njeri alipoambiwa kwamba Lois alipita mara ya nne, aliuliza, "Na hiyo cone, uli-hit kabisa?" Lois akasema aliigonga ikalala chini. Njeri akacheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala mgongoni akaamka. Kazi ya Anoka bado anayo, na hasemi tena kuiacha.

Jumamosi iliyopita walikuwa uwanjani watatu, theluji imesukumwa pembeni, Mzee Ambakisye mbele, Lois nyuma na chai. Njeri alipiga rivasi, akagonga ndoo. Lois akashuka kwenye baridi, akaisimamisha, akarudi kukaa nyuma.