Daraja Walilomtaka Traugott Alikate

Ng'ambo ya Magharibi,
Milwaukee, Wisconsin.
Septemba 23, 1845.

Mpendwa dada Ernestine,

Salamu zangu zikufikie huko Pomerania ukiwa mzima, wewe na shemeji Leberecht na wote wanaokula mezani kwenu. Je, goti lako limepoa? Na viazi vya mwaka huu vimekubali, au mvua imeviozesha tena? Nawaza sana habari zenu, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi.

Sisi tu hai, Mungu ashukuriwe. Mume wangu Traugott angali anakohoa, nami roho yangu iko juu juu tangu theluji ilipoyeyuka. Kaa kitako usome taratibu.

Mji huu bado mbichi. Zamani mlango wetu ulitazama kinamasi na vyura wake. Sasa wamekata kilima na kumwaga udongo wake hapo, mtaa umekuwa juu kuliko kizingiti chetu, na mvua ikinyesha tope linaingia jikoni bila kupiga hodi. Visiki vimebaki katikati ya njia, mikokoteni inavizunguka. Lakini tope nimelizoea. Kinachoninyima raha ni mto.

Mto unaugawa mji huu, na mabwana wawili waliouza viwanja, mmoja huku na mmoja kule, hawakupatana tangu mwanzo. Kila mmoja alipopima mitaa yake alijifanya kwamba ng'ambo hakuna watu. Basi mtaa wetu ukifika majini unatazamana na ukuta wa ghala, na mtaa wa wenzetu umetokea kando kabisa. Madaraja yote yamekaa mshazari. Traugott, aliyekuwa seremala wa madaraja hayo, alikuwa akicheka: “Karoline, hapa hata mbao zinajua kuna ugomvi.”

Kicheko hicho kiliisha mwezi wa tano. Merikebu moja iligonga daraja mojawapo ikalivunja. Huku wakasema imetumwa na watu wa mashariki. Kule wakasema sisi ndio wachokozi. Siku chache baadaye wanaume wa upande wetu wakaja nyumbani kumtaka Traugott akate daraja la karibu nasi, ile nusu ya kwetu, ili wa mashariki wasipite tena.

Nilimshika mkono mbele yao. “Usiende. Augusta yuko kule.”

Unajua binti yetu Augusta, uliyemfundisha kufuma soksi, ameolewa na Cornelius Tierney, Mwairishi anayepakua mizigo ya merikebu. Wanakaa mashariki, na mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaota jino.

“Nisipokata mimi, watalivamia hawa kwa mashoka, na watu watakufa,” akanijibu. “Nimelifunga mwenyewe, najua pa kulifungulia.”

Akachukua msumeno, akaenda. Nikamfuata mpaka ukingoni. Kando zote mbili zilikuwa zimejaa watu kama siku ya gulio, nao walitupiana maneno kama watoto.

“Wee mla kabichi! Angalia usikate na ndevu!”

“Kaogeni kwanza, ndipo mtake kuvuka!”

“Ogopeni maji nyinyi, mliotapika njia nzima kutoka kwenu!”

Watu wakacheka pande zote, hata nikadhani labda yataishia kwenye mzaha. Kisha nikamwona Cornelius anasukuma watu upande wa pili, anakuja mbio juu ya mbao.

“Baba, toka hapo! Boriti inaachia!”

“Usinifundishe kazi, mkwe!” Traugott akajibu bila kuinua kichwa.

Boriti ikaachia. Dada, nusu ya kwetu iliinama polepole, ikaenda chini yote kwa mkupuo, na Traugott akaenda nayo. Watu wa upande wetu wakapiga shangwe. Walishangilia daraja kuanguka kabla hawajaona kwamba kuna mtu ameanguka nalo. Shangwe zile bado ziko masikioni mwangu ninapokanda unga.

Cornelius alijitupa majini na viatu vyake. Alimvuta mpaka ukingo uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ulikuwa wa kwao. Nikaona wanaume wenye marungu wanawazunguka, nikasikia mmoja anapiga kelele, “Mrudisheni mtoni!” Cornelius akasimama juu ya baba yake mkwe, mguu huku na mguu huku, maji yanamchuruzika. Sikusikia alichosema. Augusta alinieleza baadaye: “Huyu ni babu wa mwanangu. Anayemtaka aanze na mimi.”

Hawakuanza naye. Wakamchukua mume wangu nyumbani kwa Augusta, nami nikabaki ng'ambo hii nikitazama maji.

Siku zilizofuata hakuna aliyevuka. Walinzi walisimama kila upande, na kule waliukokota hata mzinga mmoja mkuukuu na kuuelekeza kwetu. Kila asubuhi Augusta alikuja ukingoni. Upepo uliyala maneno yake yote, basi alimwinua mtoto juu kwa mikono miwili, nami nikaelewa kwamba baba yake angali anapumua. Nikarudi nyumbani nikaweza kumeza kitu.

Asubuhi moja hakuja.

Nilingoja mpaka jua likawa kali. Nikaenda kwa Pease, mvushaji, nikamkuta anaziba boti yake kwa lami.

“Nivushe.”

“Mama, boti ninayo moja, na roho ninayo moja. Wataziharibu zote mbili.”

Nikaingia ndani ya boti nikaketi.

“Toka, mama.”

“Sitoki.”

“Nimesema toka! Nina kazi!”

“Fanya kazi yako. Mimi nitakaa humu mpaka ioze.”

Alinitazama sana, akatema mate, akainuka kuchukua makasia. “Ndiyo maana mimi sikuoa,” akasema, akasukuma boti majini.

Tulifika kule. Wanaume wakatuzuia kabla sijakanyaga nchi kavu.

“Unatoka wapi wewe?”

“Natoka kwangu, nakwenda kwa mwanangu.”

“Ala! Huyu si mke wa yule mkata daraja?”

Mmoja akashika ukingo wa boti kama anayetaka kuipindua. Hapo akatokea Honora Tierney, mama yake Cornelius, mwanamke mfupi mwenye sauti ya jogoo. Mimi naye tulikuwa hatuna lugha moja. Tangu harusi tulikuwa tunainamiana vichwa tu. Akapita katikati yao, akanishika kiganja kwa nguvu mpaka kikauma.

“Huyu mgeni wangu,” akawaambia, kama Augusta alivyonitafsiria baadaye. “Mwenye neno aje kwangu, nitamjibu na mwiko.”

Wakamwachia njia, wengine wakitazama viatu vyao.

Nilimkuta Traugott anawaka moto, mbavu zimefungwa shuka, haoni mtu. Homa ilikuwa imepanda usiku huo, ndiyo maana Augusta hakuthubutu kumwacha. Honora alitaka kumsugua kifua kwa pombe yao kali. Mimi nilitaka kitunguu cha moto. Tukabishana, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, mwishowe tukampa vyote viwili. Tulimkesha kwa zamu. Alipofumbua macho akaniona, akauliza, “Umepitia wapi?”

“Juu ya maji.”

Akacheka, na maumivu ya mbavu yakamtoa machozi. Nami nikalia yangu.

Tulirudi kwetu wakati wa kuvuna ngano. Hatukupokewa vizuri. Majirani hawanisalimu tena, na siku moja nilikuta matumbo ya samaki yamemwagwa mlangoni. Wanasema mzee wangu amejiuza kwa Waairishi.

Sasa watu wamechoka na boti, maduka yamedorora, na wakubwa wa pande zote wamekubali daraja liungwe. Wakaja kwa nani? Kwa Traugott. Na wapo walioapa, huku na kule, kwamba atakayepigilia ubao wa kwanza ataufuata majini.

Nilimsihi, dada. Nilimwambia mbavu hazijaunga, nilimwambia mimi sina nguvu za kukaa ukingoni tena. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Nilikata mchana watu wakiniona,” akasema. “Nitaunga mchana watu wakiniona.”

Wiki hizi zote Cornelius amekuwa akijenga kutoka kule na yeye kutoka huku, walinzi nyuma yao. Leo ndiyo siku ya kukutana katikati. Nakuandikia dirishani huku nasikia nyundo zao. Ya Traugott ikinyamaza, kalamu yangu nayo inasimama; kisha nasikia kikohozi, nyundo inaanza tena, nami naendelea.

Zimenyamaza zote mbili. Ngoja nikatazame.

Nimerudi, dada, mikono bado ina tope, usijali madoa. Nilikimbia mpaka ukingoni nikakuta umati mkubwa kila upande. Traugott na Cornelius walikuwa wameketi juu ya boriti pale katikati, wamechoka, mbao za mwisho zimelazwa lakini hazijapigwa misumari. Watu wote walikuwa wanangoja kuona nani atakanyaga kwanza, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Honora hakungoja. Alikuwa anakuja kutoka kule na sufuria ya viazi mikononi, mvuke unatoka, mbao zinacheza chini yake, anawafokea walinzi wampishe chakula kisipoe.

Basi nikakunja sketi yangu, nikaenda kumpokea.

Nisalimie shemeji Leberecht, mama mdogo Hedwig, na watoto wote, hasa Reinhold. Mungu aliyetushika huku awashike na huko, awape kuni za kutosha na baridi ya upole.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ng'ambo zote,

Karoline Zastrow