Mtoto wa Kaka Yangu Ananitafutia Kaburi

(Barua kwa Bi Verna, mshauri wa wasomaji wetu. Majina ya watu na ya mji yamebadilishwa kwa ombi la mwandishi wa barua.)

Bi Verna mpendwa,

Nisaidie kufikiri maana mwenyewe nimeshindwa, na mume wangu Rudy amechoka kunisikiliza, na mchungaji wetu ni kijana mno, sitaki kumtwisha mambo ya watu waliokufa kabla hajazaliwa, na ya wengine ambao hawajafa, kama mimi.

Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, nimezaliwa hapa hapa Kuusi, kaskazini mwa Michigan, na tangu nistaafu kazi ya kupika shuleni huwa najitolea maktaba kila Jumatano, kwenye kile chumba cha nyuma, kuwatafutia watu habari za vifo vya jamaa zao. Wanaandika kutoka kila pembe, wajukuu wa wachimba shaba waliohama migodi ilipofungwa, wanataka kujua babu alifariki lini na kazikwa wapi, nami nawasha mashine ya filamu za magazeti ya zamani, nazungusha mpaka nifike kwenye matangazo ya vifo, nikikosa hapo naenda kwenye daftari la vifo la kaunti, na huko nako nikikosa nawapigia wenye nyumba ya mazishi. Kazi hii naijua. Najua mwanamke wa zamani humtafuti kwa jina lake bali kwa jina la mumewe, na kwamba makarani hawakuweza kuandika majina yetu ya Kifini hata ungewafanyaje.

Sasa, mwezi wa tatu, theluji ingali mlangoni, mwenzangu Gordon, mwalimu mstaafu aliyehamia hapa kutoka Illinois, akanisukumia karatasi akasema, “Chukua hili, mama, ni jepesi. Mtu mwenyewe wa hapa hapa.”

Nikasoma. Mwenye ombi anaitwa Janelle Kemppainen, yuko Oregon. Anasema baba yake, Reino, alifariki vuli iliyopita kwa maradhi ya mapafu, naye anakusanya habari za ukoo, na anaomba tangazo la kifo cha shangazi yake, dada pekee wa baba yake, aliyefariki mwaka 1981 au karibu na hapo, jina lake Sylvi Kemppainen.

Bi Verna, Sylvi Kemppainen ni mimi. Tervo ni jina la Rudy.

Kwa mstari mmoja nikapata habari kwamba kaka yangu amekufa na kwamba mimi pia nimekufa. Gordon akauliza, “Vipi, unamfahamu?” Nikajibu, “Kidogo,” nikaenda chooni nikafungulia bomba ili asinisikie.

Reino alinizidi mwaka mmoja tu. Aligombana na baba kwa sababu hakulitaka shamba, akaenda zake magharibi kufanya kazi ya mbao. Mama alipofariki, mwaka huo wa 1981, nilimpigia simu, akaanza safari siku ile ile, lakini dhoruba ya theluji ikamkwamisha Minnesota, barabara zimefungwa, tukamuaga mama bila yeye. Baba hakutaka kusikia habari ya dhoruba. Alikwenda mwenyewe gazetini, na tangazo lilipotoka nililisoma pamoja na mji mzima: marehemu ameacha mume na binti mmoja. Jirani mmoja, sijui kwa wema au kwa ubaya, akalikata akamtumia Reino kwa posta, na Reino akanipigia.

“Sylvi, mama alizaa wangapi?”

“Reino, ni baba aliyeandika, mimi sikuwa na habari…”

“Nimekuuliza, wangapi?”

“Wawili.”

“Gazeti linasema mmoja. Haya, chagua nani amekufa, mimi au wewe.”

Akakata. Barua zangu zilirudi hazijafunguliwa, akahama, namba ikapotea. Mpaka mwezi wa tatu huu sikujua kwamba alikwisha kuchagua mwenyewe.

Lililonileta kwako ni hili. Nilimjibu yule binti kwa karatasi ya maktaba. Nikaandika kwamba tumetafuta katika magazeti ya mwaka ule na ya miaka ya karibu, na katika daftari la kaunti, na jina hilo halimo. Kila neno ni kweli, na barua yote ni uongo. Nikatia sahihi, S. Tervo. Gordon alipopita nyuma yangu akacheka, “Huyu mama kakataa kufa!” nami nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Nilidhani yameisha. Juzi limekuja jibu. Janelle anashukuru sana, anasema labda basi shangazi alizikwa bila hata kutangazwa, maskini, na kwa hiyo ameagiza jiwe. Jiwe la kaburi, Bi Verna! Litachongwa jina langu, nalo litawekwa kando ya mama, kwenye makaburi ya kanisa letu, na mwezi wa saba anakuja mwenyewe kuliona, na anauliza kama huyu Mama Tervo mwema atakubali kunywa naye kahawa.

Rudy ananiambia, “Sylvi, mtoto anatafuta maiti na wewe umekaa hapo unapaka siagi kwenye mkate.” Ni rahisi kwake kusema. Nikisema niko hai, namfanya Reino kuwa mwongo mbele ya binti yake wakati huzuni yake bado mbichi. Nikinyamaza, nitakuwa napita kila Jumapili mbele ya jina langu. Na sitaki kunyamaza. Ninalia jikoni kwa ajili ya kaka ambaye sikumzika, na mtu pekee ambaye ningeweza kulia naye nimemwandikia kwamba simo. Nifanyeje?

Mama wa Kuusi

*

Mama wa Kuusi,

Pole. Pole sana kwa kaka yako. Nalisema hilo kwanza kwa sababu nadhani hakuna aliyekupa pole, maana nje ya nyumba yako hukumwambia mtu kwamba umefiwa. Umejificha chooni na msiba wako kama mwizi. Nenda leo ukamwambie Gordon kwamba Reino alikuwa kaka yako. Muungwana yule atajuta kwa mzaha wake, nawe utapata mtu wa kukupa pole kazini.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasema unamlinda Reino. Humlindi Reino, mama, unajilinda wewe. Reino hana tena cha kuogopa. Anayeogopa kufukuzwa mlangoni mara ya pili ni wewe, na nakuelewa, lakini usimvike marehemu woga wako. Na binti huyu hajakukosea kitu. Anatumia muda wake na machozi yake kumwombolezea mtu anayekunywa kahawa. Kila wiki unayokaa kimya, uongo unazidi kuwa wako na unapungua kuwa wa kaka yako.

Kwa hiyo usiandike barua. Umeshaandika moja, imetosha. Piga simu, Jumapili hii, kabla fundi hajaanza kuchonga. Useme nani wewe kwenye sentensi ya kwanza, usianze na hali ya hewa. Kisha ukiri ile barua ya maktaba kabla hajakuuliza. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee, na usikate simu, kwenu mmeshakatiana simu vya kutosha. Akiuliza kwa nini baba yake alisema umekufa, msomee tangazo la bibi yake kama lilivyo, na umwambie dhoruba ile ilikuwa ya kweli. Usiongeze chumvi, wala usimtukane baba yako ili umpendeze. Anataka kujua ukoo wake, basi aujue wote.

Na kama hatataka kukusikia tena, itakuuma. Lakini atakuwa anamkataa mtu aliye hai, na aliye hai anaweza kupigiwa simu siku nyingine.

Bi Verna

*

Bi Verna mpendwa,

Nimepiga. Rudy alikaa mbele yangu ameshika kikombe bila kunywa. Nikasema, “Janelle, mimi ni Sylvi, dada wa Reino. Sikufa. Barua ile ya maktaba niliandika mimi.”

Akasema, “Rudia jina la baba.” Nikarudia. Akasema, “Hakuna mtu huku anayelitamka hivyo. Yeye peke yake.” Akaanza kulia, halafu akakasirika kama ulivyosema, akaniuliza nina moyo gani, nikamwambia sijui, nikamwacha aseme.

Alipotulia akaniambia jambo ambalo tangu siku ile halinitoki. Siku za mwisho Reino ndiye aliyempa anwani ya maktaba yetu. Alimwambia, “Waandikie watu wa Kuusi wakutafutie tangazo la shangazi yako.” Janelle akamuuliza mwaka, akajibu 1981, kisha akageukia ukutani akasema, “Wakilikosa, uliza tena.”

Bi Verna, Reino alijua tangazo halipo. Alishindwa kusema, akamtuma mtoto aje kuona. Naye Janelle aliuliza mara ya kwanza nikamjibu vile, na kama si lile jiwe nisingempigia.

Jiwe ameliahirisha. Mwezi wa saba atakuja, na sehemu ya majivu ya baba yake atakuja nayo. Kabla hatujaagana akaniuliza, “Shangazi, baba alikuwa mtoto wa namna gani?” Nikaanza kumsimulia, kwamba alikuwa anaogopa ng’ombe, alikuwa hawezi kukaa saunani, kile chumba chetu cha mvuke, bila kuimba, na nikiwa katikati nikalisikia neno langu mwenyewe. Miaka yote hii watu wakiniuliza huwa nasema Reino yuko magharibi, Reino ana hasira. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema “alikuwa”.

Sylvi